Masika yakiwakuta Mji Mkongwe

Kila Pasaka ipo familia kama hii kwenye boti inayotoka Dar es Salaam: baba, mama, binti wa darasa la tano na mdogo wake wa kiume wa darasa la kwanza. Wametokea Morogoro. Fedha ya safari imekusanywa kidogo kidogo tangu mwaka uliopita, na ratiba imeandikwa kwenye daftari la shule: Jumamosi kwenda Changuu kuona kobe wakubwa, Jumapili kuogelea, na kila jioni Forodhani. Wanashuka bandarini Unguja na mabegi yao, na kabla hawajafika nyumba ya wageni, mvua inawashukia kama imemwagwa kwa ndoo.

Hakuna aliyewadanganya. Masika ya Unguja huanza Machi na kuishia Mei, na Aprili ndio mwezi wake hasa. Lakini likizo ya Pasaka haichagui, na vyumba msimu huu huwa na bei nafuu kuliko Julai na Agosti, wageni kutoka Ulaya wanapojaa. Kwa familia nyingi za bara, ni kwenda wakati wa masika au kubaki nyumbani. Kazi ya mzazi basi si kuikwepa mvua, bali kuishi nayo siku tatu bila watu kununiana chumbani.

Bahari isubiri

Jumamosi asubuhi mvua imepungua, lakini upepo umebaki. Ufukweni kijana mwenye mashua anashusha bei bila kuombwa. "Twendeni tu kaka, itaanuka sasa hivi." Mdogo ameshavaa nguo za kuogelea. Ameambiwa kwamba kobe wa kwanza wa Changuu waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na usiku kucha amewaota. Baba anatazama daftari. Mama anatazama bahari.

Hapa ndipo safari nyingi za familia huharibika, pale mzazi anapohisi kwamba fedha aliyokwisha kuitumia inamdai. Changuu ni kama nusu saa tu kwa mashua, na ukaribu huo humfanya mtu aone hatari ni ndogo. Zanzibar inaijua gharama yake. Julai 2012 meli iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakapoteza maisha.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, na redio huzitangaza. Siku yenye tahadhari hakuna mjadala. Siku isiyo na tahadhari, lakini povu jeupe linaonekana huko mbali, au mashua haina jaketi la kuokolea maisha linalomtosha mtoto, jibu ni lile lile.

Mama anasema hawaendi. "Kobe anaishi miaka mingi," anamwambia mwanawe. "Atatusubiri." Mtoto analia njia nzima.

Barabara ya juu

Katikati ya kichochoro mvua inarudi kwa nguvu. Maji yanateremka njiani yakibeba maganda ya machungwa, na hakuna pa kukimbilia. Mzee aliyeketi mlangoni kwake anawaita: "Pandeni huku juu, mtoto ataroa."

Huko juu ni barazani, kiti kirefu cha mawe kinachoambaa na ukuta wa nyumba. Watoto wanamwamkia, "Shikamoo babu," naye anaitikia na kuwasogezea nafasi. Kisha anawaonyesha kitu ambacho siku ya jua wangekipita bila kukiona. Baraza la nyumba hii linakaribia kugusana na la nyumba inayofuata, na lile na jingine. Siku kavu mabaraza ni mahali pa kahawa, bao na habari za mtaa. Njia ikijaa maji, yanakuwa barabara, na watu hupita juu yake wakienda zao.

Mdogo ananyamaza. Kutoka baraza hadi baraza, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba, ndio mchezo wa kwanza wa likizo, na haukuwa kwenye daftari.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mvua ni mwalimu mzuri wa kueleza kwa nini. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba. Mtoto aliyefungiwa ndani na mvua anaweza kukipima chumba chake kwa hatua na kuligundua hilo mwenyewe. Kisha kuna milango. Ipo yenye kichwa cha mraba na ipo yenye tao, mingine imepigwa misumari mikubwa ya shaba, na kwenye fremu zake kumechongwa maua, samaki na minyororo. Binti anageuza daftari upande wa pili na kuanza kuichora. Hadi saa saba ana milango kumi na mmoja.

Jambo moja halina mzaha. Mji huu ni mzee, na maji ni adui wa chokaa na mbao. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Mzazi asijikinge na watoto chini ya ukuta wenye nyufa wala roshani iliyooza. Ni heri kulowa.

Palipo na paa

Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, linafaa kwa saa moja ya mvua. Watoto wanaweza kufumba macho na kutambua kwa pua karafuu, mdalasini na hiliki.

Mkunazini ni habari nyingine. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa la Kianglikana. Wageni huonyeshwa vyumba vya chini, vyenye dari inayomlazimisha mtu mzima kuinama. Nje, tangu mwaka 1998, zimesimama ndani ya shimo sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Mtoto mdogo aelezwe kwanza, kwa maneno machache, kabla ya kuingia. Binti anauliza, "Na watoto walikuwepo?" Mama anajibu, "Walikuwepo." Hawasemi mengi baada ya hapo, na mtoto anashika kanga ya mama yake mpaka nje.

Baada ya hapo tumbo linataka kitu cha moto. Urojo, pamoja na viazi, bajia na kachori zake, unaliwa vizuri zaidi siku ya mvua kuliko siku ya jua. Pasaka ikiangukia ndani ya Ramadhani, familia ijipange mapema, kwa sababu sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana. Alasiri ni ya bao, mashimo 32 na kete 64. Wazee wa barazani wakiamkiwa vizuri, si wagumu kufundisha.

Ya kuweka kwenye begi

Viatu vya mpira vyenye meno vinafaa kuliko kandambili, kwa kuwa mawe ya vichochoro huteleza. Koti la mvua linafaa kuliko mwavuli, maana watu wawili wenye miavuli hawapishani kirahisi. Mtoto asikanyage maji asiyoyaona chini, kwani huenda yamefunika mtaro. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa, na chandarua kikaguliwe kabla ya kulala. Tena, tiketi ya kurudi isiwe ya siku ya mwisho kabisa ya likizo. Boti huweza kuahirishwa, na shule haisubiri.

Saa mbili usiku mvua inakatika. Forodhani majiko yanawashwa upya, moshi unapanda, na viti vinafutwa kwa tambara. Mdogo anapewa simu azungumze na bibi yake Morogoro.

"Uliwaona kobe?" bibi anauliza.

"Bado, bibi. Wanatusubiri. Lakini huku mvua ikinyesha, watu wanapita juu ya mabaraza. Hata mimi nimepita."