Lori Linaposhuka Juu ya Mawe: Safari ya Didia

Ukitoka Nzega ukafika Tinde, barabara inakutaka uchague. Kushoto ni Isaka, Kahama na Lusahunga, hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Malori mengi ya makontena ya Kigali na Bujumbura hukata huko. Kulia ni Shinyanga na Mwanza. Nakuomba ushike kulia, upunguze mwendo, na kabla hujaingia Shinyanga mjini ushuke Didia.

Wengi huipita. Anayelijua jina hili akiwa mbali, mara nyingi amelijua kwa ajili ya shule ya Wasalesiani wa Don Bosco. Lakini Didia ina uzuri ambao dirisha la basi halitoshi kuuonyesha. Nchi imelala tambarare mpaka jicho linachoka kutafuta mwisho wake, mikwaju na migunga imesimama mmoja mmoja, na asubuhi ng'ombe huvuka lami kwa utaratibu wao huku magari yakisubiri. Kiangazi mbuga nyeusi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza fimbo ya mchungaji. Mvua ikinyesha, udongo uleule huvimba, ukashika tairi na kuling'ang'ania hadi waje watu na minyororo. Ni nchi ya mpunga, pamba, mahindi, dengu na viazi vitamu, na mgeni hukaribishwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Kula taratibu, hiki ni chakula cha watu wenye kazi nzito.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya malori, na nasema wazi kwamba nayapenda. Siyo haya mapya ambayo fundi huanza kwa kuchomeka kompyuta, bali yale makongwe: Scania 111 yenye pua, Bedford, Leyland, Isuzu TX, na Fiat 682 kama ukibahatika kuikuta. Mahali pengine mtu akitaka kuyaona hayo huenda kutafuta picha. Huku, kuanzia Shinyanga hadi Kahama, ukipita nyuma ya nyumba zilizo kando ya barabara huenda ukalikuta moja chini ya mti, limevuliwa magurudumu, limekalia mawe, na mtu yuko chini yake amelala chali akiuliza spana ya kumi na tisa iko wapi.

Ukanda huu haukupata malori kwa bahati. Pamba ndiyo iliyoyaleta. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika Shirikisho la Victoria, kazi iliyoongozwa na Paul Bomani, na kila msimu pamba mbegu ilihitaji kutoka vijijini kwenda kwenye viwanda vya kuchambulia, na marobota kutoka viwandani kwenda kwenye reli iliyofika Mwanza tangu 1928. Ng'ombe na mikokoteni visingetosha. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, viliporudishwa ikazaliwa SHIRECU, chama kikuu cha Shinyanga, mwaka 1984, na katika heka heka zote hizo, chama kikifa au kikifufuka, aliyebaki anajua njia za vijijini ni dereva wa lori. Vita vya Kagera vilipowaka mwaka 1978, malori ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na vifaa kwenda mbele. Tunakumbuka, kwa haki, majina ya makamanda. Mimi huyakumbuka pia malori yale na watu waliokesha wakiyafunga springi kwa mwanga wa kurunzi.

Kisha ikaja Isaka na bandari yake ya nchi kavu, mizigo ya Rwanda na Burundi ikishuka kwenye behewa na kupandishwa kwenye tela. Malori yakaongezeka, na mafundi wakaongezeka. Ndiyo maana kijana wa hapa anaweza kukuambia kwa mlio tu kama gari linalopanda kutoka Tinde lina tabo iliyochoka.

Nyuma ya nyumba moja ya Didia, chini ya mkwaju, nilimkuta dereva mstaafu na Scania 111 yake. Jina lake nalihifadhi, maana hakutafuta kuandikwa. Nilimsalimu, "Mwadila, bhabha." Akaitikia, akaniangalia mikono kwanza kabla ya uso, akahamia Kiswahili: "Karibu kijana. Kaa kwenye tairi hilo, halichafui." Lori lilikuwa limekaa juu ya mawe kwa miaka. Kuku walikuwa wametaga ndani ya kebini. Wanawe walimshauri auze chuma chakavu apate fedha ya kuezekea, naye akawajibu kwamba nyumba ataezeka, ila lori hapana. "Wale wa skrepa wanapima kwa kilo," aliniambia. "Mimi hili silijui kwa kilo. Nalijua kwa safari."

Hataraji faida. Analitengeneza kidogo kidogo, akipata fedha ya mpunga ananunua beringi, asipopata anapiga msasa. Kwangu hiyo ndiyo maana kamili ya mtu kuwa na jambo analolipenda, na Didia inampa nafasi bila kumcheka.

Watu hudhani kufufua lori kunaanzia kwenye injini. Mzee huyu alianza na chesisi, na nakubaliana naye kwa moyo wote, kwa sababu injini nzuri juu ya chesisi iliyopasuka ni ajali iliyoahirishwa. Alikwangua matope na grisi ya miaka, kisha akaipita chesisi yote kwa nyundo ndogo akigonga na kusikiliza. Chuma kizima hulia, chuma chenye ufa husema kwa sauti fupi. Ufa aliupata pale unapopatikana mara nyingi, karibu na mahali springi inapofungwa. Hakukimbilia kuchomelea. Alitoboa kwanza tundu dogo mwisho kabisa wa ufa, ili usiendelee kutambaa, akauchimba kwa grenda, ndipo akachomelea na kuongezea pleti juu yake. Tundu lile dogo ndilo linalomtofautisha fundi na mchomeleaji. Ukilikosa, ufa utaupita moto wako na kukutana nawe tena porini na tani kumi mgongoni.

Injini ilikuwa imeganda. Ni silinda sita za mstari mmoja, lita 11, dizeli ya kizamani isiyo na waya wa kuiambia chochote. Alitoa nozeli zote, akamimina ndani ya kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili, akafunika, akaenda zake shambani. Siku zilipopita alirudi na mtaimbo, akaanza kuizungusha flaiwili kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Pistoni zikaachia. Alipofungua sampo akakuta oili imekuwa chai ya maziwa, na hapo akajua maji yamepenya. Katika injini hizi slivu husimama ndani ya maji yenyewe, zikizuiwa na oringi chini. Oringi zikikauka, maji hushuka kwenye oili na beringi huliwa. Basi slivu zikatoka, oringi zikabadilishwa, na kranki ikafungwa kwenye gunia na kupelekwa Kahama kwa fundi wa lesi, ikachongwa na kurudi na beringi za saizi inayofuata.

Nozeli zilipimwa kwenye mashine hukohuko. Nzuri hutema ukungu; mbaya hudondosha matone, na tone likianguka juu ya pistoni ya moto huweza kuitoboa. Pampu haikuguswa ovyo. "Pampu," mzee aliniambia, "usiifungue kwa sababu unayo spana." Waliofunga injini ya dizeli wataielewa kauli hiyo: mpangilio wa pampu ukikosewa kidogo tu, lori litawaka, lakini litakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi maisha yake yote.

Uzuri wa mashine hizi ni kwamba zimebaki ndani ya uwezo wa mtu mmoja mwenye akili na subira. Dizeli haina plagi; huibana hewa mpaka ipate moto, ndipo mafuta yaingie na kuwaka. Betri ikifa njiani, lori jingine litakuvuta kwa mnyororo, utaachia klachi, na utaendelea na safari hadi Ngara. Ukiishiwa mafuta, hewa huingia kwenye mabomba. Unalegeza nati, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza. Utingo wa miaka kumi na sita hujifunza kazi hiyo kabla hajajifunza kushika stelingi. Breki nazo ni za upepo, na anayezipenda huzikagua kwa sabuni: anapaka povu kwenye kila kiungo cha hosi na kuangalia panapotoa mapovu. Huu ni ujuzi mkubwa, na unafundishwa chini ya mti bila ada.

Wala chuma si kigeni kwa watu wa huku. Upande wa Geita, katika nchi ya Uzinza, Warongo waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe na kufua majembe yaliyosafiri hadi Usukumani, zamani kabla ya lori lolote kuwapo. Leo jani la springi lililokatika hapa halitupwi. Refu hufupishwa likafungwa kwenye gari dogo, fupi hufuliwa likawa panga au shoka.

Baadhi ya malori haya yana historia pana kuliko barabara hii. Fiat 682 ilianza kutoka kiwandani Italia mwaka 1952. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, na njia za Zambia kuelekea kusini zikawa za mashaka, Fiat hizo zilipita barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam, mafuta yakienda na shaba ikirudi, miaka kama kumi kabla ya reli ya TAZARA kukamilika. Scania nazo zilikuja kuunganishwa hapahapa nchini, Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO. Mtanzania anayeifufua Scania kuukuu huenda anafungua nati zilizokazwa na Mtanzania mwingine, na mimi jambo hilo hunigusa kila nikilifikiria.

Waingereza wana chama cha malori na mabasi ya kale tangu 1958, na mwaka 1962 walianza kuyaendesha kwa msafara kutoka London hadi Brighton, yameng'arishwa, watu wakiyashangilia barabarani. Nawaheshimu sana. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam nayo yametunza Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere. Natamani lori la pamba lisimame jirani yake. Natamani pia, hata zaidi, msafara wetu: Tinde hadi Mwadui, siku moja ya Juni, wazee wakiwa usukani na wajukuu wao kwenye bodi. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, si mbali, na barabara ni tambarare kiasi kwamba hata Bedford isiyo na haraka itafika.

Mpaka hapa karibu nimesifu chuma tu, na Didia haitanisamehe nikiishia hapo. Miaka ya themanini Shinyanga ilikuwa imekatwa miti hadi Mwalimu akaiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), na badala ya kuwaletea watu mambo ya kigeni ukashika desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua, majani na miti inaachwa ikue, mifugo inaingizwa kiangazi kikali. Mashina yaliyodhaniwa yamekufa yalichipua kutoka mizizini. Zaidi ya hekta laki tatu zilirudi, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilipozunguka na mzee yule jioni, alinionyesha ngitili ya familia kwa fahari ileile aliyonionyeshea gia boksi, na alitembea ndani yake akiinua matawi kwa mkono ili yasinipige usoni.

Ukimaliza Didia usirudi ulikotoka. Pita Kahama uwaone mafundi wa lesi. Uliza walipo, kila dereva anawajua. Kutoka huko panda Geita, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya mkoloni hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Ukibahatika kuyaona malori ya shimoni, yenye tairi refu kuliko mtu, utashangaa. Hata hivyo sidhani utayapenda; hayatoki nje ya uzio, hayana kijiji, na yakichoka hakuna mkwaju unaoweza kuyafunika. Rudi Mwanza kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, karibu kilomita tatu juu ya maji, ambako awali malori yalipanga foleni kusubiri kivuko.

Wakati mzuri wa kwenda ni mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimekatika na msimu wa pamba umewadia, kwa sababu ndipo kila mwenye lori bovu anapoamua kwamba mwaka huu litashuka juu ya mawe. Vaa nguo usiyoihurumia. Peleka oringi za slivu kama unaweza kuzipata mjini, ni zawadi inayopokelewa kwa mikono miwili kuliko sukari. Salimia kwa Kisukuma hata kama unajua neno moja tu, kaa kwenye tairi utakaloonyeshwa, na ukiombwa kushika taa, ishike iangaze pale fundi anapotazama, siyo pale unapotazama wewe.