Mgomba wa Kimo cha Mtu

Kazi yangu ya umri wote ilikuwa kazi ya mashamba, na katika mimea iliyopita mikononi mwangu, tangu mikarafuu na minazi iliyokuwa fahari ya serikali hadi mihogo na viazi ambavyo hapakuwa na mtu wa kuviandikia taarifa ndefu, hapana mmoja nilioutetea kwa ghera kama mgomba kiguruwe, mgomba mfupi ambao mtu mzima akisimama pembeni yake hulifikia koo lake kwa mkono bila ya kupanda juu ya kitu. Niliingia kazini Kizimbani, Unguja, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza, nikapewa jembe, panga na daftari. Na baada ya muda wa kujifunza kitaluni nikatumwa kuzungukia vijiji vya kusini, ambako kazi iliyoandikwa katika barua yangu ilikuwa kuhesabu miti na kutoa nasaha, lakini kazi niliyoikuta ilikuwa kusikiliza malalamiko ya watu ambao upepo ulikuwa umewatangulia kuvuna.

Asiyepata kukaa Makunduchi au Jambiani wakati wa kusi haijui taabu ya mgomba. Magharibi ya kisiwa udongo ni mwingi na miti mikubwa hukingana, ilhali kule mashariki na kusini ardhi aghalabu ni mawe, udongo umejikusanya katika nyufa na vishimo, na mahali pa kupanda hupasuliwa kwa mtaimbo kwanza ndipo jembe lipate pa kuingia. Mizizi ya mgomba, ambayo kwa tabia yake haizami sana, haipati pa kushika katika ardhi ya namna hiyo. Na mgomba mrefu, uwe bungala au mkono wa tembo, unapoubeba mkungu wake huku kusi inavuma, huinama, ukategemezwa kwa nguzo, nguzo zikateleza, na asubuhi moja ukakutwa umelala na ndizi changa zisizofaa kupikwa wala kuvundikwa. Wazee walikuwa wakitusimulia, kwa kupokea kutoka kwa baba zao, habari za tufani ya mwaka 1872 iliyoiangamiza mikarafuu ya Unguja, nasi vijana tukasikiliza kwa hofu. Walakini mimi nilikuja kufahamu kwamba upepo wa kila mwaka, ambao hauingii katika tarikhi, ndio uliowapunguzia watu chakula, na zaidi wale ambao nyumbani mwao hamna mwanamume wa kwenda msituni kukata nguzo.

Mmoja wao alikuwa bibi mjane, mwenye ua mdogo nyuma ya jiko lake, na kila nilipopita kwake na nasaha zangu za mbolea na nafasi za kupandia alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Siku moja akaniambia, “Mwanangu, maneno yako yote mazuri, lakini mimi sitaki mgomba wa kuutazama. Nataka mgomba ambao mkungu wake nitaukata mwenyewe.” Safari iliyofuata nilimchukulia machipukizi ya kiguruwe, na tangu hapo nikawa na dhamira katika kazi ambayo kabla yake nilikuwa na amri tu.

Nasaba ya mgomba huu niliisoma baadaye katika vitabu vya ofisi, nikastaajabu. Asili ya mche uliosambazwa mbali ilikuwa kusini mwa Uchina. Ukapelekwa Mauritius, na kutoka Mauritius ukafika Uingereza, ambako mtunza bustani mashuhuri Joseph Paxton aliulea ndani ya nyumba ya vioo huko Chatsworth, katika milki ya tajiri wa daraja ya juu aliyeitwa William Cavendish. Na baada ya kuchanua mwaka 1835 ukapewa jina la ukoo wa bwana huyo, jina ambalo hadi leo linachukuliwa na ndizi zinazouzwa katika masoko ya dunia nzima. Nilipenda kuwahadithia kina mama habari hii, kwamba mmea waliokuwa wakiumwagia maji ya kuoshea vyombo uliwahi kupashwa joto kwa moto majira ya baridi ili usife, na kuangaliwa na wageni waheshimiwa. Wao wakacheka na kusema kwamba kwao umestarehe zaidi.

Kuujua kiguruwe halisi kunataka jicho, kwa maana si kila mgomba mfupi ni kiguruwe, na mgomba mrefu uliodumaa kwa ukame humhadaa mtu. Nilikuwa nikiwafundisha vijana wa kitaluni watazame mambo mawili. La kwanza ni majani ya mche ungali mdogo, ambayo huwa na mabaka ya rangi ya damu ya mzee, yakafifia kadiri mche unavyokua. La pili ni bua linaloning'inia chini ya mkungu, ambalo katika migomba mingi hubaki tupu kwa kuwa magamba ya kitumba na maua yake hupukutika, lakini katika kiguruwe magamba hayo hukauka papo hapo yakang'ang'ania, hata ukilipitishia kiganja bua lote husikia linakwaruza. Kijana aliyeyashika mambo haya hakuhitaji kibao cha jina.

Katika kuchagua chipukizi sikuwa na msamaha. Lile lenye majani mapana mapema hupendeza macho, lakini tunguu lake ni dogo na nguvu yake ni haba. Linalofaa ni lile la majani membamba yaliyochongoka, lililonenepa chini. Likisha kung'olewa, tunguu humenywa mpaka nyama nyeupe ionekane, na kila palipo na njia nyeusi ya fukusi pakatwe, na ikiwa njia hizo zimefika moyoni chipukizi litupwe mbali na shamba. Kisha katika shina moja waachwe watatu tu, mama, binti na mjukuu, wengine wote waondolewe wangali wachanga. Na hapa ndipo nilipopata upinzani mkubwa, kwani mwenye ua mdogo huona uchungu kukata kinachoota. Sikubishana sana. Nilikata upande mmoja, nikauacha upande wa pili, na mikungu ikasema.

Mkubwa mmoja wa kazi aliwahi kuniuliza, mbele ya wenzangu, kwa nini napoteza mafuta ya gari la serikali kwa mgomba usio na soko. Hoja yake haikuwa ya bure. Katika joto la pwani yetu ndizi ya kiguruwe huiva ndani ilhali ganda lake lingali la kijani, au likageuka nusu tu, na mnunuzi sokoni huipita akidhani ni mbichi. Fauka ya hayo ganda ni jepesi na huchubuka njiani. Nilimjibu kwa staha kwamba mimi siwapandishii watu soko, nawapandishia ua, na kwamba mtoto wa nyumba huijua ndizi iliyoiva kwa harufu na kwa kuiminya, hana haja ya rangi. Hakuridhika, nami sikuacha. Naamini hata sasa kwamba tulikosea sana, sisi wa ofisini, kuupima kila mmea kwa gunia linalofika bandarini, tukasahau sufuria ya mchana, ambamo ndizi mbichi hupikwa kwa nazi na chumvi, na nyumba ikashiba bila ya kukopa.

Mgomba huu nao una taabu zake, na mwenye kuupanda azijue. Mkungu huning'inia chini mno, kwa hivyo kuku hudonoa na mbuzi hujivutia. Ua usipozibwa vizuri, anayevuna ni mnyama. Na ukame ukiukuta wakati wa kutoa kitumba, koo lake fupi huukaba mkungu, ukatoka nusu nusu, chane zimebanana na ndizi zimepinda. Dawa yake ni maji na matandazo. Uani kwangu, tangu nilipostaafu, maji yote ya karo yameelekezwa kwenye migomba kwa mfereji mdogo, na majani makavu hayachomwi, hutandazwa mbali kidogo na shina ili fukusi wasipate kivuli cha kuzalia.

Wanaonijia kuomba machipukizi huwapa bila ya thamani, yakiwa yamemenywa, nao huahidi kumpa mwingine. Yale yanayotoka bara au ng'ambo siyapokei, hata akiyaleta mtu wa nyumbani kwa mapenzi, kwa kuwa mwaka 2013 mnyauko ule mpya unaoua migomba ya ukoo wa Cavendish ulithibitishwa Msumbiji, jirani yetu wa kusini, na maradhi hayo husafiri katika tunguu na katika udongo ulioshika jembe au kiatu, yakisha kuingia ardhini hayatoki. Mgeni anayetoka katika mashamba ya mbali humkaribisha barazani, nikamletea ndizi hapo hapo.