Nguo ya Merikani na Mapinduzi ya Ulaya

Katika Kiswahili mna jina la nguo linaloweza kumfundisha mwanafunzi historia ya karne tatu. Jina hilo ni merikani. Ni kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, ambacho wazee wetu walikivaa, na wapagazi wa misafara wakakipokea kuwa ujira mahali pa fedha. Jina lenyewe latueleza kilikotoka: Marekani.

Kwetu Nakwa, katika mji wa Babati, bibi yangu alikuwa akihesabu miaka kwa mavazi. Kulikuwa na miaka ya ngozi, kisha miaka ya kaniki na merikani, kisha miaka ya kanga na shuka za lubega. Hakujua kusoma, wala hakupata kulisikia jina la James Watt. Lakini kwa njia yake alikuwa akieleza jinsi Mapinduzi ya Viwanda yalivyopanda kutoka pwani hadi chini ya mlima Kwaraa.

Naitaja habari hii kwa sababu kila nialikwapo kusoma mashairi katika shule za sekondari, hukosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Wazungu walipokuwa wakifanya mapinduzi ya sayansi, ya siasa na ya viwanda, sisi tulikuwa wapi?" Swali hili lina uchungu ndani yake, maana aghalabu mwulizaji ameshajijibu moyoni kwamba hatukuwapo. Jibu langu ni kwamba tulikuwapo, tena tulikuwamo.

Na tuyatazame kwanza mapinduzi yenyewe. Mwaka 1543 Copernicus alichapisha kitabu akieleza kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa na mahakama ya kanisa kwa kuitetea rai hiyo. Mwaka 1687 Newton akaonyesha kwamba nguvu iangushayo tunda chini ndiyo hiyo hiyo iushikao mwezi katika njia yake. Kilichopinduka hapo si nyota. Ni desturi ya kukubali jambo kwa kuwa tu limesemwa na mkubwa. Haukupita muda mrefu, swali lililoulizwa juu ya mbingu likaulizwa juu ya wafalme: Wamarekani wakajitangazia uhuru mwaka 1776, na Wafaransa wakasimama mwaka 1789. Likaingia pia katika karakana. Kunako mwaka 1764 James Hargreaves alibuni mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa pamoja, na mwaka 1769 Watt akapata hataza ya injini yake bora ya mvuke. Manchester ukageuka mji wa pamba.

Lakini mashine ina tumbo, nayo hula. Pamba haioti Manchester. Baada ya Eli Whitney kubuni kinu cha kuchambulia pamba mwaka 1793, mashamba ya kusini mwa Marekani yalienea, na watumwa wa asili ya Afrika katika nchi hiyo wakaongezeka kutoka kama 700,000 mwaka 1790 hadi karibu 4,000,000 mwaka 1860. Nchi iliyoandika kwamba watu wote wameumbwa sawa ndiyo iliyowatia minyororo. Hata maneno mazuri ya Ufaransa hayakukusudiwa kumfikia mtumwa. Watumwa wa Haiti waliyachukua kwa nguvu zao wenyewe, wakamshinda Napoleon, wakajitangazia uhuru mwaka 1804. Hivyo mapinduzi ya siasa yaliyoanzwa na Wazungu yalisukumwa mbele na watu wa asili ya Afrika.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wao, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Unguja. Kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kikashushwa bandarini, kikafungwa mitumba, kikabebwa mabegani kupita Tabora hadi Ujiji. Kilichorudi pwani ni pembe za ndovu, ambazo huko Connecticut zilichongwa kuwa vibao vya piano. Kwa hiyo Mnyamwezi aliyepanda milima akiwa na pembe begani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda asichopata kukiona. Wamarekani walipopigana wao kwa wao, kati ya 1861 na 1865, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi.

Wala tusidhani kwamba kabla ya hapo hatukujua kufuma. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisifu nguo za Mogadishu zilizopelekwa hadi Misri. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi. Ufipa na Rufiji walikuwako wafumaji wa pamba. Lakini mkono wa mtu haushindani na injini ya mvuke. Nguo ya mashine ilikuwa nyingi na rahisi, na ufundi ule ukafifia polepole, na pamoja nao maarifa yake.

Kisha kiwanda kikatufuata chenyewe, kimevaa buti. Wajerumani, wasiotaka kutegemea pamba ya Marekani, waliwalazimisha watu wa kusini kuilima. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waliing'oa mimea ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Walijibiwa kwa bunduki za rashasha na kwa kuchomewa vyakula. Makadirio ya waliokufa kwa vita na njaa ni kati ya 75,000 na 300,000. Hiyo nayo ni sura ya Mapinduzi ya Viwanda, na haifai kufundishwa katika kitabu kingine.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, taifa lilijaribu kuirudisha nguo nyumbani. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata. Katika miaka ya 1980 na 1990 vingi vilidhoofika au kufungwa. Mkoa wetu wa Manyara hulima pamba hadi leo, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi, nasi twanunua nguo za nje, mpya na za mitumba.

Sababu ni nyingi: mitaji, vipuri, uongozi, ushindani. Mimi nitataja moja iliyo mikononi mwa mwalimu. Ulaya ilianza kwa swali, ikamalizia kwa mashine. Sisi tumeletewa mashine kabla ya swali. Katika ofisi za umma nilizotumikia nimeona mashine ya chapa ikiondoka na kompyuta ikiingia. Zote zilikuja zimekwisha kuundwa, na zikiharibika twamngoja fundi kutoka mbali. Huo ndio umerikani wa siku hizi.

Pamba yetu twailima, na mavuno twayatoa,
Yavuka bahari nzima, viwandani kuingia,
Nguo hurudi kwa hima, bei imeshazidia,
Ulizeni kwa hekima, tupate kujifumia.

Mila zetu hutufunza kumheshimu mkubwa, na ni mila njema. Lakini heshima si kunyamaza. Mtoto anayeuliza "kwa nini?" darasani asihesabiwe kuwa mkaidi. Mwalimu asiyelijua jibu na aseme, "Twende tukalitafute," kisha waende kweli. Vitambaa vya merikani vilikwisha kuchakaa zamani. Maarifa ya kuvifuma ndiyo ambayo hayakushushwa bandarini pamoja navyo, nayo hayapatikani ila kwa kuyatafuta.