Salfa chini ya kitanda cha mama

Leo sitaandika habari za palizi wala za mnada. Nitaandika habari za nyumba ya kwetu, Chiungutwa, na aibu niliyoipata humo mimi mwenyewe, bwana shamba.

Nyumba ile marehemu baba aliijenga kwa pesa ya korosho. Ukuta ni wa matofali mabichi, kenchi ni za miti ya porini, na juu ya bati kulikuwa na mawe ili upepo usilichukue. Kituo changu cha kazi kiko wilaya nyingine, kwa hiyo nyumbani huwa ninafika kama mgeni: nakula, nalala, naondoka. Mwaka juzi nilichukua likizo mwezi wa Julai, mikorosho inapoanza kutoa maua na kila kaya inahangaika na ubwiri unga. Nikaenda kumsaidia mama.

Siku ya pili asubuhi nimekaa barazani, mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, akanijia na chupa ya soda. "Mjomba, nifungulie."

Nilishaishika. Kilichonishtua ni harufu. Ndani mlikuwa na dawa ya mbu wa mikorosho, iliyopimwa dukani kidogo kidogo kwa sababu mama hakuwa na pesa ya kununua kopo zima. Mtoto aliitoa chini ya kitanda anacholalia na bibi yake. Nikaingia chumbani kutazama: mifuko sita ya salfa ya kilo 25, mmoja umetoboka, na juu ya kigoda, hatua moja tu kutoka kwenye mifuko, kibatari.

Mimi ndiye ninayesimama kwenye mikutano ya vijiji nikisema dawa isikae na watu. Salfa ni unga unaoshika moto kwa urahisi, na ikiungua moshi wake unabana pumzi hata kwa mtu mzima. Nilimwambia mama hivyo, kwa sauti ya mkutano. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Baba, nikiiweka nje itaibiwa. Utaninunulia nyingine?"

Sikuwa na jibu. Nimewahi kuwaambia watu wangapi "tenga stoo" bila kuwauliza mlango wataupata wapi?

Basi likizo ikageuka ya ujenzi. Kwanza nilikwenda kwa mjomba wangu, kwani kwetu huwezi kugusa nyumba anayokaa dada yake bila yeye kujua, hata kama umesoma diploma. Akakubali, ila akataka matofali ya banda la zamani yatumike, yasinunuliwe mengine. Akawa ameniokolea pesa.

Stoo ni ndogo, mita mbili kwa mbili, mbali na jiko na mbali na mtungi wa maji. Ndani kuna chaga la miti ili mifuko isiguse sakafu, na tundu mbili za hewa juu zenye wavu wa chuma. Pesa kubwa niliiweka kwenye mlango na kufuli, maana hoja ya mama ilikuwa wizi. Dawa za maji zinakaa rafu ya juu, kwenye makopo yake yenye lebo, basi. Ukipimiwa dukani kwenye chupa ya soda, kataa. Changeni majirani wawili watatu mnunue kopo moja.

Baada ya hapo nikapanda juu ya nyumba, na huko nilikuta kazi zaidi. Mchwa walikuwa wamekula kenchi mbili, kwa hiyo yale mawe yalikuwa yanasubiri kumwangukia mtu. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuja na Mtwara ikatangaziwa tahadhari, mama alilala chini ya mawe hayo. Tuliyashusha yote. Tulibadilisha miti iliyooza, tukapaka mipya oili chafu, tukapiga misumari yenye mpira kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita. Kila kenchi tuliifunga kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta kozi tatu. Kazi hii usifanye peke yako, wala usikanyage bati katikati ya mbao mbili. Mimi nilikanyaga. Nina kovu.

Ukutani nilikosea kabisa. Nilinunua saruji mifuko miwili nikapiga plasta upande wa magharibi, ikapendeza hadi majirani wakaja kutazama. Masika ya kwanza ikabanduka kama ganda la yai na kuondoka na udongo. Saruji ngumu haishikani na tofali bichi, na maji yakishaingia nyuma yake hayana pa kutokea. Safari iliyofuata nilifanya alivyokuwa akifanya bibi: udongo wa kichuguu, mchanga, na nyasi zilizokatwakatwa, vimelowekwa siku kadhaa. Saruji iliyobaki niliipeleka kwenye mfereji wa kuzunguka nyumba, ili maji ya bati yasichimbe msingi. Huo upande hadi leo haujadondosha hata kipande.

Umeme bado. Nguzo imefika kwa jirani, na mtu mmoja alijitolea kutuvutia waya kwa bei ya chee. Nilikataa, nyumba ya miti na udongo mkavu si ya kujaribia. Tunasubiri mauzo ya korosho tumlipe fundi mwenye leseni ya EWURA, atuwekee na ethi.

Kwa sasa kibatari kingali sebuleni, kimetundikwa ukutani kwenye msumari. Ufunguo wa stoo mama anaufunga kwenye pindo la kanga. Nilipopiga simu juzi aliniambia mjukuu wake ameuomba mara tatu, na mara zote amemjibu kwamba wa kumfungulia ni mjomba.