Deni la Sumni

Wanafunzi wangu wa zamani wanikutapo njiani hupenda kuniuliza bei za vitu vya zama za Uhuru. Sukari ilikuwa kiasi gani, Mwalimu? Nyama je? Nauli ya basi? Nikiwatajia senti, huguna na kutikisa vichwa, wakaona kwamba sisi tuliishi peponi tusijue. Mara nyingi hujibu kwa kubahatisha, maana bei ni kitu ambacho kumbukumbu hukichezea ipendavyo. Lakini ipo bei moja niikumbukayo bila shaka yoyote, nayo ni sumni. Niliijua thamani yake mwaka 1962, nilipokuwa na umri wa miaka 12, na deni lake sijalilipa hata leo.

Huenda baadhi yenu, wasomaji vijana, hamkupata kuishika sumni. Ilikuwa senti 50 katika fedha ya Afrika Mashariki, fedha moja iliyotumika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja kabla ya nchi zetu kuanza kutoa sarafu zao katikati ya miaka ile ya sitini. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Malkia, upande wa pili simba. Sarafu ndogo za shaba, yaani senti 1, 5 na 10, zilikuwa na tundu katikati, nasi watoto tulizitunga katika uzi na kuzivaa shingoni ili zisipotee. Sumni haikuwa na tundu. Ilifungwa katika pembe ya kanga au ya msuli.

Jina lenyewe lina mambo. Sumni ni thumuni ya Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, na hali sarafu ile ilikuwa nusu ya shilingi. Lilikuwa jina la hesabu nyingine, ya fedha nyingine, likahamia katika sarafu ngeni na kukaa. Ndivyo ilivyokuwa Tanga yetu. Wazee waliita fedha hela, neno walilotuachia Wajerumani. Wakaiita pesa, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Wakahesabu kwa shilingi za Mwingereza. Tawala zilipita na sarafu zao, majina yakabaki vinywani mwa watu.

Nyumbani kwetu palikuwa Ngamiani, na jirani yetu alikuwa mzee mmoja mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mimi nilimwita babu, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Cherehani yake ilikaa barazani, na kazi yake kubwa ilikuwa kupinda kanga, kila kipande senti 10. Jioni baraza hiyo hiyo iligeuka kuwa bunge. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, kikombe senti 5, na wazee waliketi mkekani kusikiliza habari.

Redio ilikuwa ya mwenye duka wa pembeni, naye aliifungua kwa sauti kubwa zaidi nyakati za muziki: Salum Abdallah na Cuban Marimba yake kutoka Morogoro, au taarabu. Kwa habari, wazee walitegemea gazeti. Nchi ilikuwa na magazeti ya Kiswahili ya kutosha: Mambo Leo la siku nyingi, Mwafrika, Ngurumo, Baraza kutoka Kenya, na Uhuru lililozaliwa pamoja na Uhuru wenyewe. Nakala moja ilitosha mtaa. Ilinunuliwa kwa mchango, nami, kwa kuwa nilikuwa darasani na sauti yangu ilikuwa kavu, nikawa msomaji.

Babu Fundi hakuwa mjinga wa kusoma. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, upesi na kwa mwandiko mzuri, lakini herufi za Kizungu zilimpita. Hivyo yote yaliyochapwa yalimfikia kupitia kinywa changu. Nilimsomea kifo cha Lumumba, na wazee wakanyamaza mpaka kahawa ikapoa. Nilimsomea habari za Yuri Gagarin, Aprili 1961, akazungushwa dunia ndani ya chombo na kurudi mzima. Mzee mmoja aliinuka akaenda zake, akasema mtoto amefundishwa uongo shuleni. Nilisoma habari za usiku wa 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapanda. Na Januari 1962 nilisoma kwamba Mwalimu Nyerere amejiuzulu uwaziri mkuu, na Rashidi Kawawa ameshika nafasi yake. Baraza ilichafuka. Mtu huacha kiti alichokipigania kabla hakijapata joto? Babu Fundi akasimamisha cherehani.

"Sikilizeni neno," alisema. "Kuuzulu ni kumwondoa mtu. Kujiuzulu ni mtu kujivua mwenyewe, kama avuavyo kanzu. Hakufukuzwa huyu."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na sijapata kueleza kauli ya kujitendea kwa ufupi kuliko hivyo.

Baada ya habari ulifika ukurasa wa mashairi. Wasomaji wa leo, mnaoandikiana beti na kujibiwa kabla chai haijapoa, jaribuni kuiona subira ya wakati ule. Mshairi wa Lindi aliuliza fumbo, mwenzake wa Ujiji akamjibu, na kati ya swali na jibu palikuwa na treni, meli, mikoba ya posta na meza ya mhariri. Wazee walikariri swali ili jibu lisiwapotee. Niliposoma, Babu Fundi alihesabu mizani kwa vidole juu ya goti, na kipande kikipungua kidole kimoja aliguna. Yeye mwenyewe alitunga, lakini hakuwa amepata kupeleka shairi lake gazetini.

Mwezi wa Juni 1962 akafariki Shaaban Robert. Kwa nchi nzima ilikuwa habari kubwa. Kwa Tanga ulikuwa msiba wa nyumbani. Alizaliwa Vibambani, karibu na mji wetu, mwaka 1909, na wapo wazee pale barazani waliomjua kwa sura na salamu kabla ya kumjua kwa vitabu. Siku tatu Babu Fundi hakushona. Siku ya nne aliniita.

"Mjukuu wangu, leta kalamu."

Akanighania marthiya ya beti tisa. Niliziandika katika daftari langu, kwa herufi zile zilizompita, na kila ubeti ulipokwisha alitaka nimsomee mara mbili. Kisha akafungua pembe ya msuli wake, akatoa sumni. Ninunue bahasha na stempu, ninakili vizuri, nipeleke posta, na itakayobaki iwe yangu. Vipande vitano vya kanga vilikuwa ndani ya sarafu ile. Hesabu hiyo sikuipiga siku hiyo.

Jumamosi ile sinema ya Majestic ilirudia kuonyesha Awaara, ya Raj Kapoor. Kihindi hatukukijua, lakini nyimbo zake tulizijua zote, na wenzangu walikuwa wakienda. Viti vya mbele kabisa vilikuwa sumni. Nilijiambia kwamba shairi halichachi. Nitapata sumni nyingine wiki ijayo nilipeleke. Nikaketi mbele, shingo nimeielekeza juu, nikatazama kisa cha mtoto wa hakimu aliyegeuka mwizi. Nilicheka na kulia pamoja na watu wengine. Nilipotoka nje jua lilikuwa bado kali, nami nikapita njia ya nyuma ili nisipite mbele ya baraza.

Wiki iliyofuata sikupata sumni. Wala wiki ya pili. Gazeti likaja, nikasoma bei ya mkonge, nikasoma hotuba, na nilipofika ukurasa wa mashairi Babu Fundi akanyoosha mgongo.

"Limetoka?"

"Bado, babu."

"Watunzi ni wengi, na marehemu alikuwa wa wote. Zamu itafika."

Marthiya za watu wengine zilikuwa zikitoka. Nilimsomea hizo, kwa sauti yangu ile ile kavu, naye alizihesabu kwa vidole na kuzisifu. Wazee waliamini kila nilichosoma kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukisoma. Gagarin nilimsoma kweli wakanitilia shaka. "Bado, babu" ilikuwa uongo, nao wakaupokea kama amana.

Kisha ikatukia nisiyoitegemea. Jioni moja alinizuia wenzake walipokwisha kuondoka.

"Nimelijua kosa," alisema. "Ubeti wa tano. Nilisema 'nani wa kushona'. Neno hilo ni bovu. Uzi hutungwa katika sindano kabla ya kushona, na shairi nalo hutungwa. Mhariri ni mtu mwenye sikio, ameona nimeliacha neno langu mlangoni. Waandikie walisahihishe: 'nani wa kutunga'."

Akafungua tena pembe ya msuli.

Wakati huo daftari halikuwapo tena. Mama alikuwa akiuza karanga, na daftari zilizojaa alizichana akafungia karanga, pakiti senti 5. Beti tisa zilikuwa zimetoka mlango wa nyumba yetu moja moja, zikatupwa mitaroni Ngamiani. Nikaitazama ile sumni ya pili. Nilishindwa kuipokea, na nilishindwa kusema. Nikatoa uongo mzuri kuliko wa kwanza: "Weka fedha yako, babu. Stempu ninayo."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua.

Baada ya hapo aliniuliza mara mbili tatu, kisha akaacha. Ukurasa wa mashairi ulipofika aliendelea kupinda kanga, na goti lake halikuhesabiwa tena. Sikumsikia akitunga ubeti mwingine. Mwaka 1964, nikiwa bweni mbali na Tanga, nililetewa barua ya mama, iliyoandikwa na mtoto mwingine wa mtaa: salamu, habari za mvua, na mstari mmoja kwamba Fundi ametutoka.

Niliendelea nikawa mwalimu. Nimewasahihishia vijana mizani na vina, nimewaambia kwamba mtunzi asiilaumu sikio ya mhariri bali atazame kwanza kazi yake. Kila nilipolisema hilo nilimwona mzee aliyefanya hivyo hivyo, akatafuta kosa katika shairi lisilokuwa na kosa, kwa sababu kosa lilikuwa limeketi mbele yake limeshika gazeti. Na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba neno alilolipata katika kusubiri bure ni zuri kuliko lile la kwanza. Siwezi kulitaja kuwa faida. Halikuwa langu kulipia.

Ndiyo maana huwakatalia wanafunzi wangu wasemapo kwamba zamani vitu vilikuwa rahisi. Sumni moja ilikuwa vipande vitano vya kanga, mgongo uliopinda tangu asubuhi, na kwa mtu mmoja ilikuwa njia pekee ya kuingia katika ukurasa aliousikiliza maisha yake. Mimi niliipata kwa saa tatu za kiti cha mbele.

Katika zile beti tisa umenibakia mmoja tu, huo wa tano, kwa kuwa ndio niliosomewa kosa lake. Mara nyingi nimeukariri peke yangu. Leo nauleta hapa, mbele ya watu wanaojua kuhesabu kwa vidole, ukiwa na sahihisho la mwenyewe:

Lugha yetu ni kitani, fundi wake katoweka,
Nani wa kutunga, nani, sindano imeanguka?
Shaabani kaburini, vazi halijashoneka,
Twalia kibarazani, chozi halijakauka.

Limetoka, babu. Limechelewa, na nane hazipo, lakini limetoka.