Chozi Wawili wa Lemera

"Unapanda Lemera kutafuta chozi?" Mama muuza ndagala wa Uvira alinitazama, mikono bado imo ndani ya beseni. "Baba, machozi ya Lemera yalishamwagika."

Alikuwa akikumbuka Oktoba 1996, wagonjwa walipouawa hospitalini kule juu. Nikamweleza kwamba chozi wangu ni ndege, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza maua. Akacheka, akaniongezea ndagala.

Uvira, kando ya ziwa, uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na jasho halikauki. Pikipiki ilipita Kiliba na miwa yake, ikapita Sange, ikaliacha bonde. Tope likatushusha mara mbili. Nilipogeuka kutazama nyuma, mto Ruzizi ulikuwa uzi tu. Tulipofika Lemera nilikuwa nimevaa koti, nami nikaanza kuupenda mji huu kabla sijamwona ndege yeyote.

Asubuhi, kando ya kijito kilichopakana na kipande cha msitu, akatua dume wa kwanza. Kichwa kijani cha kumeta, na kifua kama kanga: mji mwekundu, pindo la manjano huku na huku. Hakuingiza mdomo ndani ya ua. Alilitoboa ubavuni, karibu na kikonyo, akafyonza akaenda zake. Mwizi kabisa! Wataalamu humwita Cinnyris regius, yaani wa kifalme, naye yuko tangu Rwenzori hadi Mahale, Tanzania.

Ndugu yake, Cinnyris rockefelleri, hana himaya hiyo. Yeye ni wa milima hii ya mashariki ya Kongo, Itombwe na jirani zake, tena kule juu kwenye mianzi. Mtaalamu wa ndege James Chapin alimpa jina hilo mwaka 1932, kwa heshima ya Sterling Rockefeller aliyekuja huku kukusanya ndege. Jina la ukoo wa matajiri wa mafuta kwa kiumbe kisichozidi kidole! Wafuliiru, wenyeji wa huku, hawakuulizwa.

Tulipanda saa nne, mzee mwenyeji mbele, mimi nikihema nyuma. Ukungu ulikuwa umeifunika mianzi. Kitu kikalia tsik, kikaning'inia kichwa chini kwenye ua, kikatoweka.

"Uliona manjano?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Wekundu mtupu kifuani, na mwingine chini ya mkia."

"Basi ndiye," akasema, akaanza kushuka. Viazi vyake vilikuwa vinamngoja shambani.