Wino Mwekundu na Kihusishi cha Kilatini

Walimu wenzangu, yapo makosa ya mwanafunzi yanayomfundisha mwalimu. Nami ninalo moja la kuwasimulia.

Katika darasa langu la Kiswahili hapa Bukavu, msichana mmoja aliandika: "Mama anakata nyama na kisu." Nilipiga mstari kwa wino mwekundu, nikaandika "kwa kisu", kisha nikamwambia mbele ya wenzake kwamba Kifaransa kimemharibia ulimi, kwamba amelifasiri neno avec bila kufikiri. Darasa likacheka. Yeye akasimama, akajibu kwa adabu: "Mwalimu, bibi yangu mzaa mama hajui Kifaransa hata neno moja, naye husema hivyo." Sikuwa na jibu.

Jioni ile nilifungua kamusi nilizobaki nazo tangu siku za seminari, nijue hilo avec nililolitupia lawama limetoka wapi. Nilidhani chanzo chake ni cum, kihusishi cha Kilatini chenye maana ya "pamoja na", ambacho kwa Kiitaliano na Kihispania kimekuwa con, na kwa Kireno com. Kumbe sivyo. Wataalamu wengi hulirudisha avec kwenye apud hoc, maneno mawili yaliyogandana. Hoc ni "hiki". Apud ni "kwa" ya mahali: apud amicum, "kwa rafiki"; apud Ciceronem, "katika maandishi ya Cicero".

Basi neno la ukaribu likahamia kwenye usuhuba, maana aliye karibu nami yu pamoja nami. Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufika kwenye chombo: kisu nilicho nacho mkononi ndicho ninachokatia. Kilatini cha Cicero hakikuhitaji kihusishi hapo. Neno moja, cultro, lilitosha kusema "kwa kisu". Mfaransa asemapo avec un couteau, amefika pale pale alipofika yule bibi wa Bukavu, wala hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Lakini lililonichoma zaidi ni jingine. Ipo orodha ya kale iitwayo Appendix Probi, ambamo mtu asiyejulikana jina aliorodhesha maneno 227 yaliyokosewa na wasemaji wa Kilatini: sema hivi, usiseme vile. Kilatini kilikuwa kikiiweka cum nyuma ya kiwakilishi: nobiscum, "pamoja nasi". Watu wakasema noscum. Mtunga orodha akakataza. Leo jirani zetu wa Angola wasemapo Kireno husema connosco. Ni noscum ile ile, imeongezewa cum nyingine mbele, kwa kuwa ile ya nyuma ilikwisha kusahauliwa. Kosa lililokatazwa limekuwa sarufi, na aliyelikataza tunamkumbuka kwa sababu tu ametuhifadhia makosa ya watu wake.

Nikajiona mimi mwenyewe katika orodha ile, na kalamu yangu mkononi.

Sisemi tuache kufundisha "kwa kisu". Mtihani unalidai, na Kiswahili sanifu ndicho kinachotuwezesha kuelewana na wenzetu wa Mombasa na Dodoma. Anayemnyima mwanafunzi usanifu amemfungia mlango. Ila kumfundisha mtoto neno jipya ni jambo moja, na kumfanya alionee haya neno la kwao ni jambo jingine.

Siku ya pili nilimwita yule msichana mbele ya darasa lile lile lililomcheka, nikamwomba radhi. Kisha nikaandika ubaoni sentensi mbili: ya nyumbani na ya uandishi sanifu. Wakazinakili zote mbili.

Wino mwekundu ungali mezani pangu. Lakini kabla ya kuushika huuliza kwanza: hili ni kosa la mtoto, au ni usemi wa bibi yake?